MLANGO WA SHULE NA MTOTO ALIYEBAKI NJE



Ukitoka mji wa Moshi ukaelekea mlimani, ukaifuata njia ipitayo kati ya mibuni na migomba, utafika Old Moshi, yaani Moshi ya kale. Mji wa chini, wenye stesheni na soko, umelichukua jina lake kutoka huko juu. Reli ya Tanga ilipofika katika nchi tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1910, serikali ya Kijerumani ilishuka kuifuata, na mji mpya ukamea bondeni. Walakini jina lenyewe na historia yenyewe ni za mlimani.

Wazee wetu wa pwani waliijua nchi hii kabla ya reli. Misafara ya Pangani na Mombasa ilipanda huko kutafuta pembe. Rebmann alipouona mlima wa Kilimanjaro mwaka 1848, kiongozi wake alikuwa mtu wa pwani, Bwana Kheri. Mangi Rindi wa Moshi aliipokea bendera ya Sultani Barghash mwaka 1885, na mwanawe, Mangi Meli, akanyongwa na Wajerumani huko huko Old Moshi mwezi wa Machi 1900. Hayo ni mambo makubwa, na yameandikwa vitabuni. Mimi leo nataka kukusimulia jambo dogo kuliko hayo kwa sura, na pengine kubwa kuliko hayo mbele ya Mwenyezi Mungu: habari ya mlango wa shule, na mtoto aliyebaki nje yake.

Huko Old Moshi nilikutana na mama mmoja, mzaliwa wa Pangani, aliyeolewa na Mwislamu wa Kichaga miaka mingi iliyopita. Alinikaribisha chai, tukaulizana habari za nyumbani, na mwisho akanieleza habari ya mwanawe wa pili. Mtoto huyu alizaliwa akisikia. Alipokuwa na umri wa miaka minne alishikwa na homa kali, na alipopona, masikio yake hayakupona pamoja naye. Alisikia ngoma na mngurumo wa lori, lakini maneno ya mtu hakuyapata ila akimtazama mdomo. Alipotimiza miaka saba akaandikishwa darasa la kwanza. Baada ya miezi michache mama akaitwa shuleni, akaambiwa: mtoto wako hasikilizi, ni mtukutu, akiulizwa huwatazama wenziwe, na akisomewa imla huandika yake. Heri umweke nyumbani kwanza, mpaka akili ipevuke.

"Nikaambiwa nimweke," mama akaniambia. "Kama chungu kilichopasuka."

Msomaji wangu, neno hilo halikunitoka moyoni. Nikajiuliza: mlango wa shule, uliofunguliwa kwa taabu nyingi katika nchi hii, umekuwaje kumfungia huyu? Ili tupate jibu, yatupasa turudi nyuma kidogo.

MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Shule ya darasa, kengele na ubao wa chaki iliingia Kilimanjaro pamoja na misheni. Walutheri wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, na kila walipojenga kanisa walijenga na shule. Baada ya Vita vya Kwanza, Waingereza walipoishika Tanganyika, serikali nayo ikaweka shule yake Old Moshi katika miaka ya 1920. Ikawapokea wavulana wachache. Wengi wa wavulana walibaki nje, na wasichana karibu wote walibaki nje. Wazazi wa Kichaga hawakunyamaza. Walidai, walichanga, na fedha za kahawa zikawasaidia kujenga madarasa mengine.

Na sisi Waislamu twajua vizuri kukaa nje ya mlango. Zamani za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa pwani na wa bara walichelea kuwapeleka watoto wao, wasije wakapoteza dini yao. Mtoto alibaki na dini yake, lakini akakosa kazi ya ofisi, ya uganga na ya ualimu. Wazee wetu hawakuridhika. Waliandika barua, wakachanga, wakaunda jumuiya. Na East African Muslim Welfare Society, iliyoundwa mwaka 1945, ikajenga shule na misikiti katika nchi zetu. Hapana aliyesema wakati huo kwamba kudai shule ni ukaidi au kukosa adabu. Tulisema ni haki.

Baada ya uhuru mlango ukafunguliwa zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 kazi hiyo ikaanza nchi nzima. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba. Sheria ilisema kila mtoto. Lakini, ndugu msomaji, midomo iliposema "kila mtoto", masikio ya wengi yalisikia "kila mtoto mzima". Kipofu, kiziwi, mwenye miguu isiyotembea, na yule tuliyekuwa tukimwita taahira kwa ulimi usiojali, hao walihesabiwa kuwa ni habari nyingine.

WALIOFUNGULIWA DIRISHA

Sisemi kwamba hakuna aliyewakumbuka. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya vipofu huko Buigiri, karibu na Dodoma, nayo ndiyo ya kwanza ya aina yake katika Tanganyika. Mwaka 1963 Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora. Miaka hiyo hiyo Walutheri wakafungua shule ya vipofu Irente, karibu na Lushoto. Jeshi la Wokovu likafungua shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo Mgulani, Dar es Salaam, mwaka 1967. Serikali nayo, katika miaka ya 1960, ikajaribu njia nyingine: katika Shule ya Msingi ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, watoto wasioona wakasoma pamoja na wanaoona, na jina la shule likasadifu. Katika miaka ya 1980 yakaanza na madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili.

Mkoa wa Kilimanjaro nao una fungu lake. Shule ya viziwi ilifunguliwa Mwanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mji wa Moshi, Shule ya Msingi ya Mwereni inawasomesha watoto wasioona na wenye ualbino pamoja na wengine, na Shule ya Sekondari ya Ufundi ya Moshi imewapokea wanafunzi viziwi. Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho hufundisha mafundi wa miguu ya bandia na vyuma vya kuegemeza viungo, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Yatazame tena majina niliyoyataja. Anglikana, Wakatoliki, Walutheri, Jeshi la Wokovu. Yatupasa tuwashukuru, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Kisha yatupasa tujiulize, pasipo kumlaumu mwingine: sisi tuliokuwa na wakfu, na misikiti, na matajiri wa biashara, tulikuwa wapi? Tulijenga minara mizuri. Kipofu wetu tulimkalisha chini ya mnara siku ya Ijumaa, na bakuli mbele yake.

DESTURI TULIYOISAHAU

Na ajabu ni kwamba jambo hili kwetu si geni. Wanazuoni wengi wa tafsiri wasimulia kwamba Surat Abasa iliteremshwa kwa sababu ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kutafuta elimu wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Mbingu ikanena kwa ajili ya mtu mmoja asiyeona ambaye haja yake ilikuwa kufundishwa. Kipofu huyo hakupewa sadaka akaambiwa aende zake. Aliheshimiwa, akawa mwadhini pamoja na Bilali, na mara kadhaa Mtume alipotoka safarini alimwacha yeye kuwa naibu wake Madina.

Mwanahistoria Tabari naye asimulia kwamba Khalifa al-Walid, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hata 715, aliwapangia posho wenye ukoma wasiwe ombaomba, na akampa kila kilema mtumishi na kila kipofu wa kumwongoza. Hiyo ilikuwa kazi ya hazina ya dola, wala si huruma ya mpita njia. Na katika zama zetu hizi za karibu, Taha Hussein wa Misri, aliyepofuka akingali mtoto mdogo, alianzia chuo cha Qur'ani cha kijijini, akafika Al-Azhar, akafika Paris, na kuanzia 1950 hata 1952 akawa Waziri wa Elimu wa Misri. Kama babaye angalisema "huyu ni wa kukaa nyumbani", Misri ingalikosa nini?

Hata chuo chetu cha barazani, msomaji, kilikuwa na hekima ambayo leo twaitafuta mbali. Ukumbuke ulivyosoma. Mwalimu alikuwa na watoto thelathini juu ya mkeka mmoja, na kila mtoto alikuwa na mahali pake. Huyu yuko kwenye alifu na be, yule ameingia Amma, yule wa pembeni anakaribia kuhitimu. Hapana aliyeambiwa, "Wenzio wamevuka, nawe vuka usivuke." Mwalimu alikuja ulipo wewe, akakusikiliza wewe, na ulipoweza ndipo ulipopewa sura nyingine. Na mtoto asiyeona alikaa papo hapo, akahifadhi kwa sikio.

Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwapo, na kiziwi aghalabu hakuletwa kabisa. Lakini lile jambo moja, kwamba mwalimu humwendea mtoto pale alipo, ndilo kiini cha hii inayoitwa elimu maalumu. Jina ni jipya, na maarifa mengi ndani yake ni mapya, kama maandishi ya nukta nundu, lugha ya alama na mashine za kusaidia masikio. Kiini chake bibi yako alikijua.

"HATUNA FEDHA, HATUNA MWALIMU"

Sasa turudi kwa mama yetu. Alimpeleka mwanawe hospitali, masikio yakapimwa, akapewa cheti kinachosema mtoto amepoteza sehemu kubwa ya usikivu. Akarudi shuleni pamoja na shemeji yake, akakionyesha. Mwalimu alikisoma, akahuzunika, akamjibu kwa upole:

"Mama, mimi nina watoto tisini katika chumba kimoja. Sikufundishwa kusomesha viziwi. Shule haina kifaa, haina fedha, haina mwalimu wa kazi hiyo. Nifanye nini?"

Tumwonee huruma mwalimu huyu, kwani hakusema uongo. Watoto tisini ni mzigo. Lakini jibu lake si jipya duniani, na limekwisha kujibiwa. Katika mji wa Washington huko Marekani, wazazi wa watoto saba waliishtaki halmashauri ya shule za mji kwa kuwafungia watoto wao nje kwa sababu ya ulemavu na tabia zao. Kesi ikaitwa kwa jina la mtoto mmoja wao, Mills. Halmashauri ikajitetea: fedha hazitoshi. Mwaka 1972 Hakimu Joseph Waddy akaamua kwamba, kama fedha hazitoshi, upungufu huo na ugawanywe kwa watoto wote. Haijuzu kumtwika mzigo wote mtoto mwenye ulemavu peke yake. Katika jimbo la Pennsylvania wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili nao walikuwa wamekwenda mahakamani, wakapata makubaliano ya namna hiyo. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1975, Marekani ikatunga sheria ya kumpa kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya bure inayomfaa, na kumpa mzazi haki ya kukaa katika kikao kinachoipanga elimu hiyo.

Tazama jambo hili kwa makini. Nchi ile ilikuwa na mali kupita kiasi, wala mali yake haikuwafungulia mlango watoto wale. Walifunguliwa na baba na mama waliokataa kurudi nyumbani. Na neno la hakimu yule halihitaji utajiri. Mama wa Old Moshi angeweza kulisema kwa maneno yake, na kwa kweli alilisema. Alimwambia mwalimu:

"Mwalimu, sikuja kugombana nawe. Watoto tisini wakigawana mkate mdogo, kila mmoja atapata kipande kidogo. Mwanangu naye apate chake kidogo. Usimwambie peke yake kwamba mkate umekwisha."

Kisha akauliza, basi yako yapi yawezekanayo leo, bila fedha? Wakayahesabu. Mtoto akae mbele kabisa, upande wenye mwanga. Mwalimu asiseme huku ameupa mgongo darasa akiandika ubaoni, maana midomo isiyoonekana kwake ni kimya. Mwenzake wa kando amwonyeshe ukurasa. Imla aandikiwe. Hayo manne hayakugharimu hata senti moja. La tano, yaani kupata mahali penye mwalimu wa lugha ya alama, lilikuwa nje ya uwezo wa shule. Mama akaomba jambo hilo aandikiwe, akapeleka barua yake na nakala ya cheti kwa afisa wa elimu maalumu wa wilaya.

SHERIA HAITEMBEI KWA MIGUU YAKE

Huenda ukasema, mama huyo alibahatika. La, hakubahatika tu. Alikuwa na haki, na wewe unayo. Mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa katika shule za serikali na za binafsi. Inataka asome katika shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya pekee. Na inataka apewe msaada unaomfaa na mwalimu mwenye ujuzi au aliyepangiwa kazi hiyo. Zanzibar ilitunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na kabla ya hapo, tangu 1985, wenyewe walikuwa wamekwisha kuunda umoja wao, UWZ. Nchini Kenya vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni vilianza mwaka 1984, na Katiba ya mwaka 2010 inamtaja mtu mwenye ulemavu na haki yake ya kusoma.

Hayo yote yameandikwa. Walakini sheria haitembei kwa miguu yake ikaja kubisha hodi nyumbani kwako. Hukaa kabatini mpaka mtu aitaje. Na wa kwanza wa kuitaja ni mzazi, kwani mtoto ulimi wake ni mdogo, na pengine hana ulimi kabisa. Basi niruhusu, ndugu msomaji, nikupe mambo machache niliyojifunza kwa mama yule na kwa wengine walioipita njia hiyo.

Kwanza, mpime mtoto mapema. Usiseme "mtukutu" wala "mzito wa kichwa" kabla ya macho na masikio yake kutazamwa hospitali. Watoto wengi waliopigwa kwa uvivu kosa lao lilikuwa kutouona ubao.

Pili, jua unachoomba. Ukienda ukasema "nisaidieni mwanangu", utapewa pole. Ukisema "naomba akae mbele, naomba aandikiwe maandishi makubwa, naomba choo ambacho kiti chake cha magurudumu kitaingia", utapewa jibu.

Tatu, usiende peke yako, na usiende kwa ghadhabu. Nenda na baba wa mtoto, au mjomba, au shangazi mwenye busara. Mheshimu mwalimu, maana yeye ndiye atakayebaki na mtoto wako mchana kutwa. Adabu na uthabiti si maadui.

Nne, andika. Weka daftari: siku uliyokwenda, uliyesema naye, mliyopatana. Omba jibu la barua kwa barua, na ubaki na nakala. Mwalimu mkuu huhamishwa, na maneno ya mdomo huhama naye; karatasi hubaki.

Tano, ukikwama shuleni panda ngazi: kamati ya shule, afisa elimu wa kata, afisa wa elimu maalumu katika halmashauri. Na vyama vya wasioona, vya viziwi na vya wenye ualbino vipo. Wenyewe wamekwisha kuipita njia na wanajua mashimo yake.

Sita, usingoje siku ya mtihani. Baraza la Mitihani huwawekea watahiniwa wenye mahitaji maalumu utaratibu wao, kama maandishi makubwa, nukta nundu na muda wa ziada, lakini shule haina budi kumwandikisha mtoto hivyo mapema.

VISINGIZIO VYETU WENYEWE

Sasa nisemezane nawe kwa faragha, maana kuna milango ambayo si serikali wala shule iliyoifunga. Tumeifunga sisi kwa mikono yetu.

Wako wasemao, "Hii ni kadari ya Mungu." Ni kweli, mtoto kutosikia ni kadari. Lakini kumfungia chumba cha uani mgeni ajapo, hiyo si kadari, hiyo ni kazi yetu, na tutaulizwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Mwislamu, wala hakumtoa kiziwi wala kipofu.

Wako waonao haya. Wanachelea watu watasema damu ya ukoo ina kasoro, na dada zake hawataposwa. Ewe ndugu yangu, mwanao ni amana. Mwenye kupewa amana hazungumzi habari ya haya za majirani.

Na wako wanaochelea dini: shule yenye nafasi ni ya bweni, na mwenyewe ni kanisa. Hofu hii siidharau, kwani wazee wetu walikuwa nayo kwa sababu. Walakini dawa ya hofu ni kuuliza. Iko shule ya serikali yenye kitengo cha namna hiyo? Itafute kwanza. Hakuna ila ya kanisa? Nenda, kaa na mkuu wake, muulize waziwazi habari ya sala, ya chakula na ya Ramadhani, upatane naye. Kisha wewe mwenyewe umfundishe mtoto dini yake likizo, na msikiti ulio karibu umtembelee. Na kama jibu halikuridhishi, basi ungana na wenzio mjenge au mwombe darasa kwenu. Lililo haramu ni njia ya nne, nayo ni kumwacha mtoto bila dini na bila elimu, kisha tukaita jambo hilo uchamungu.

Na madrasa zetu je? Mtoto wa kiti cha magurudumu atapandaje ngazi zile? Kiziwi atafundishwa vipi kusali? Ni maimamu wangapi wanaojua ishara moja ya lugha ya alama? Tusidai kwa serikali lile tusilolitenda barazani petu.

MWISHO WA KISA

Sikumaliza habari ya mama yule. Afisa wa elimu alifika shuleni baada ya barua ya pili. Mtoto akakaa mbele mwaka mzima, akajua kusoma kwa macho yale aliyoyasoma wengine kwa masikio. Mwaka uliofuata akapata nafasi mbali na nyumbani, katika shule yenye walimu wa lugha ya alama. Siku ya kumpeleka, mama akalia njia nzima. Mtoto hakulia, alikuwa akitazama dirishani.

Baada ya wiki tatu mama akapokea barua, ya kwanza aliyopata kuandikiwa na mwanawe. Alinionyesha. Ilikuwa na mistari miwili, yenye makosa ya tahajia: amefika salama, na hapa watu wote wanazungumza kwa mikono, na yeye anawaelewa.

"Miaka minne," mama akasema, "nilikuwa sijui anawaza nini. Nilidhani nimezaa mtoto asiye na neno. Kumbe maneno yalimjaa, hayakuwa na mlango."

Basi, ndugu msomaji, mlango wa shule katika nchi hii haujafunguka wenyewe hata siku moja. Ulifunguliwa kwa wavulana wa Old Moshi, kisha kwa wasichana, kisha kwetu sisi tuliokaa nje kwa ajili ya dini yetu, kisha kwa watoto wa maskini. Na kila mara palikuwa na mtu aliyesimama kizingitini akakataa kurudi nyumbani. Kama katika nyumba yako, au ya jirani yako, yuko mtoto aliyewekwa kama chungu kilichopasuka, kesho asubuhi mvalishe, mshike mkono, uende naye. Na usiporuhusiwa kuingia, rudi tena.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza amana yake. Amin.